Mashine ya Gervas na Shuka Tano

Njuguna alimchukia Gervas kabla hajamwona, na alipomwona akaridhika kwamba hakukosea.

Nilikuwepo siku hiyo ya kwanza. Njuguna ni binamu yangu, na hapa Bowie, Maryland, wazee wa ukoo wetu tuko wawili tu, yeye na mimi. Mambo ya posa ya binti hayafai baba kujisemea mwenyewe, kwa hiyo msemaji ni mimi, Gitau, nipende nisipende. Nimestaafu. Maisha yangu yote ya Marekani nilikuwa natengeneza televisheni kwenye ghala moja kule Landover, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kupigwa na umeme. Niliiweza. Kuna televisheni niliyoifufua baada ya kukaa miaka ndani ya mto Anacostia. Tulipoiwasha ilitema samaki kwanza, halafu ikaonyesha taarifa ya habari. Aliyeshuhudia yuko hai, mkimpata mwulizeni.

Gervas alikuja na shangazi yake, Honorata, mwanamke wa Bukoba mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Kijana aliinama, akasema, "Shikamoo, mzee." Njuguna akamtazama kama mtu anayetazama bomba linalovuja, asiitikie. Honorata akakohoa kidogo. Hakuna aliyemsaidia.

"Unafanya kazi gani?" Njuguna akauliza.

"Nasoma, mzee. Pale chuoni, mtaa wa Shaw. Nafanya utafiti. Tunafundisha kompyuta kuona."

"Kuona nini?"

"Mistari. Iliyonyooka na iliyopinda. Tunafunga kamera kwenye gari, kompyuta inaitafuta mistari ya barabara na kona zake papo hapo, gari likiwa linatembea."

"Na dereva ako wapi?"

"Yupo, mzee."

"Ni kipofu?"

"Hapana, mzee."

"Sasa hiyo kompyuta ni ya nini?"

Audrey alikuwa anaingia na chai. Ndiye binti pekee wa Njuguna, muuguzi, mtu anayeweza kumgeuza mgonjwa wa kilo mia kitandani bila kumwita mwenzake. Alitua ile sinia mezani mpaka vijiko vikaruka. "Baba," akasema. Neno hilo moja tu, lakini lilikuwa na meno.

Mimi, kwa kuwa mambo ya picha ndiyo yaliyonilisha, nilimwuliza kijana mashine inajuaje kwamba hapa pana mstari. Akachangamka, maskini, akasahau yuko wapi.

"Kwa kompyuta, mzee, picha ni madoa tu. Haijui mstari ni nini. Kwa hiyo tunatafuta madoa ya ukingoni, pale mwanga unapokutana na giza. Kila doa la ukingoni linapiga kura. Linasema, mimi naweza kuwa kwenye mstari huu, au huu, au ule. Doa jingine nalo hivyo hivyo. Mwisho tunahesabu. Mstari uliopata kura nyingi, huo upo kweli. Duara pia hivyo hivyo, ila kura zake ni nyingi zaidi na zinachosha mashine. Na lazima umalize kuhesabu kabla picha nyingine haijaingia, la sivyo gari limeshapita."

"Kura," Njuguna akasema. "Na nani anahesabu?"

"Kompyuta, mzee."

"Sisi Wakenya tumetoka kwa uchaguzi mwaka juzi tu. Usiniletee mambo ya kura kwa nyumba yangu."

Hapo wangekunywa chai, wakaaga, wakaenda kutusema garini kama watu wengine. Lakini Honorata alikuwa ameshavimba tangu ile shikamoo. Aliweka kikombe chini polepole.

"Mzee mwenzangu, samahani sana," akasema. "Naona kijana wetu hamjamwelewa. Hiyo kompyuta yake imeshamjua Audrey. Amempiga video huyu binti mpaka ule mstari wa shingo unavyoteremka begani mashine inautambua yenyewe. Mkimvika hata gunia, itamwona."

Gervas alimgeukia shangazi yake kwa uso wa mtu aliyeona gari lake linaburutwa na lori la kukokota magari. "Shangazi, ile ni majaribio tu..."

"Nyamaza, mwanangu. Kujisifu siyo dhambi ukiwa na cha kusifia."

Njuguna akatabasamu. Namjua tangu utotoni. Akitabasamu hivyo, kuna mtu atalia.

"Gunia sina," akasema. "Niko na shuka."

Hapa nieleze, maana wako watakaosoma hili wasiojua. Kwetu Wakikuyu, siku ya binti kutolewa, anafunikwa kichwa mpaka miguu pamoja na wanawake wengine kadhaa, wanapangwa, na bwana harusi anatakiwa amtambue wa kwake. Akikosea anatozwa mbuzi, watu wanacheka, anajaribu tena. Ni mchezo. Njuguna aliugeuza kuwa hukumu.

"Atakuja na hiyo mashine yake," akasema. "Atachagua mara moja. Akimpata, amchukue, sitasema kitu. Akimkosa, asikanyage hapa tena, na mtu asinitajie jina lake kwa hii nyumba."

"Hiyo si mila, Baba, hiyo ni korti," Audrey akasema.

"Wamesema anakujua. Ama hakujui?"

Audrey akamtazama Gervas. Kisha akasema, "Sawa. Iwe hivyo." Akabeba sinia na vikombe ambavyo watu hawajamaliza.

Nilimfuata jikoni. Mama yake, Serah, alikuwa anafuta meza iliyokuwa safi, jambo analofanya akitaka kumpiga mtu.

"Utamfanyia ishara gani?" nikamwuliza Audrey. Maana siri ya mila hii, ambayo kila mtoto wa kwetu anaijua, ni kwamba hakuna bwana harusi aliyewahi kutegemea akili yake. Binti anakohoa. Anatoa kidole cha mguu nje. Shangazi anakonyeza. Watu wote wanadanganya, na kudanganya huko ndiyo mila yenyewe.

"Nitatikisa mguu wa kushoto," Audrey akasema. "Shuka itetemeke."

"Umemwambia?"

"Siwezi kumwambia. Akiwa ananitaka ataniangalia. Akiniangalia ataona."

"Kwao Bukoba hawana mambo haya. Anafikiri ni mtihani."

"Baba Ethan," Serah akaniambia, kwa jina la mwanangu, "usitie kidomo chako."

Sikumdokezea kijana. Kusema kweli nilitaka kuona.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Julai, mwaka tisini na tisa. Walioishi hapa wanaukumbuka ule mwezi. Joto lilikuwa la kufanya lami ishike viatu. Mbwa wa jirani alikuwa anasimama kwa miguu mitatu ili wa nne upumzike, na nilimwona kwa macho yangu ndege akitoka juu ya paa akiruka, akabadili mawazo hewani, akarudi kivulini kwa miguu. Njuguna akaamua shughuli ifanyike gereji. Akafunga mlango wa gereji, ule mkubwa wa umeme. Alisema hataki majirani wachungulie. Uongo, alitaka kijana atoke jasho.

Gervas alifika na Corolla yake, imejaa mashine mpaka Honorata alikuwa amepakata kioo cha kompyuta kama mtoto mgonjwa. Alifunga kamera kwenye miguu yake mitatu, akatandaza nyaya, akaweka kioo juu ya friza ya Njuguna. Hakuna mtu wa upande wetu aliyemshikia hata waya. Watu wa upande wake, sita au saba, walisimama ukutani kulia. Wetu kushoto. Katikati palikuwa na nafasi, na hakuna aliyeivuka.

"Hamna hata feni?" Honorata akauliza.

"Feni iko," Njuguna akajibu. "Imezimwa."

Kisha wakaletwa wanawake, kwa mlango wa jikoni, wakishikwa mikono kwa sababu hawaoni. Watano. Audrey, rafiki yake wa kazini Chelagat, wawili wa kanisani, na Serah mwenyewe, aliyeingizwa kwa kuwa kimo chake na cha binti yake ni kimoja. Hakuulizwa, aliambiwa. Mwaka mzima Njuguna hatumii akili, kumbe alikuwa anaiweka kwa siku hii. Wote watano alikuwa amewafunika shuka za Kimaasai, zile nyekundu za miraba, zote za aina moja, mistari juu ya mistari. Na mabegani, chini ya shuka, alikuwa amewafunga mito ya makochi. Mabega yao wote yakawa sawa, mapana kama ya wabeba mizigo wa bandarini. Wakakalishwa kwenye viti vya plastiki.

Gervas alipoona ile mito alisimama wima. "Mzee, hivyo siyo haki."

"Umesema mashine yako inaona. Ama inaona tu vitu vizuri?"

"Mabega hayo siyo yao!"

"Kwa hivyo umekuja kuoa bega?"

Upande wetu wakacheka. Upande wao mtu mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba sasa anaelewa kwa nini Wakenya wanaoana wenyewe kwa wenyewe. Upande wetu wakaacha kucheka.

"Washa," Njuguna akasema.

Akawasha. Na mimi, kwa cheo changu cha msemaji, nilisogea mpaka nyuma ya kijana, nikaona kila kitu.

Kwanza ilikuja picha ya kawaida, ya rangi ya kijivu. Halafu mistari ya kijani ikaanza kuchorwa juu yake. Ilipaswa ichorwe michache. Lakini shuka moja ya Kimaasai ina mistari kuliko barabara zote za Maryland, na hapo zilikuwa tano. Kioo kikafurika kijani. Mistari ya shuka, mistari ya viti, mistari ya rafu za Njuguna, mistari ya ngazi iliyotundikwa ukutani. Wanawake wakapotea kabisa. Ilikuwa kama kuangalia mkeka.

"Sasa hiyo ni nini?" Njuguna akauliza kutoka upande wa pili.

"Imepata mistari mingi, mzee. Subiri kidogo. Napandisha kiwango. Mstari wenye kura chache nautupa."

"Eeh, hiyo ya kutupa kura tunaijua."

Gervas aliinamia mashine. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye vibonyezo. Alibonyeza, mistari ikapungua, ikabaki ile mirefu. Akasema sasa anatafuta iliyopinda, mabega na vichwa, na mashine ikaanza kuchora maduara mekundu. Ilikwenda kwa kusitasita. Picha ilikuwa inaganda, inaruka, inaganda. Duara moja likatokea kwa mwanamke wa kwanza, likafutika. Jingine kwa wa tatu, likafutika. Halafu likatokea moja zuri, kamili, lisilotikisika, limekaa pembeni ya picha kama jua.

Lilikuwa juu ya kichwa cha Njuguna.

Nieleze kwamba binamu yangu hana unywele hata mmoja tangu mwaka wa themanini na mbili, na taa ya gereji ilikuwa juu yake moja kwa moja. Mashine ilikuwa imetafuta gereji nzima kitu kilichopinda vizuri, ikakipata.

"Imechagua!" mtu wa upande wao akapiga kelele.

"Haki ya Mungu, imempenda baba mkwe!"

"Mzee, jitayarishe, mahari yako ni ngapi?"

Hata upande wetu kuna waliogeukia ukuta. Njuguna alisogea hatua chache akanyoosha shingo kuangalia kioo, na kadiri alivyosogea duara likamfuata, jekundu, likimkaa utosini. Akainama, likainama. Akaruka pembeni, likaruka naye.

"Toa hiyo kitu kwa kichwa yangu!"

"Siwezi kuitoa, mzee, ndiyo yenye kura nyingi."

Njuguna akaingia ndani akarudi amevaa kofia ya sufi, ile ya majira ya theluji. Kwenye joto lile. Alirudi pale pale akasimama, na kuanzia hapo hakukuwa tena na mchezo usoni kwake.

"Uko na dakika chache," akasema. "Halafu ubebe vyombo vyako."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Mwanamke wa nne alianza kutikisa mguu. Kwanza kidogo. Shuka ilitetemeka chini, kwenye pindo, kisha mtetemeko ukapanda mpaka magotini. Upande wetu wote tukaona. Mama mmoja akashusha pumzi, kwamba alhamdulillahi imekwisha, ingawa ni Mpresbiteri. Ilibaki kijana ainue macho tu. Mita tatu mbele yake, bila kompyuta, bila umeme, mchumba wake alikuwa anamwita kwa mguu mzima.

Gervas alikuwa anaangalia kioo.

Na kioo kilikuwa kinamwonyesha! Mistari ya wanawake wengine ilikuwa imetulia. Mistari ya wa nne ilikuwa inacheza, inakatika, inaungana, inacheza tena, kama televisheni yenye antena mbovu. Nikasema moyoni, basi, kwa njia hii au ile atamwona. Akasogeza uso. Akaiangalia ile mistari inayocheza. Akakunja uso.

"Kuna kelele hapa," akajisemea.

"Kelele gani?" nikamwuliza. "Mbona watu wamenyamaza?"

"Kelele za picha, mzee. Mtikisiko. Hii ndiyo inayoniharibia hesabu. Kamera nadhani imelegea, au ni taa." Akabonyeza. "Nailainisha. Nachukua picha kumi zilizopita, nazichanganya, napata wastani. Kila kinachotikisika kinafutika."

Na kweli kikafutika. Mistari ya wa nne ikapunguza kucheza, ikawa laini, ikatulia, ikafanana na ya wenzake. Kijana akapumua kwa raha. Alikuwa amemfuta.

Mwanamke wa nne naye akazidisha. Sasa alikuwa anatikisa miguu yote miwili mpaka kiti kikawa kinagonga sakafu, tak tak tak. Watu wa upande wetu wakaanza kukohoa. Mama wa Kipresbiteri alikohoa kama mwenye kifua kikuu. Watu wa Bukoba wakatuangalia, wakadhani tunamzomea kijana wao.

"Acheni kumsumbua!" Honorata akasema. "Mwacheni afanye kazi! Ustaarabu gani huu wa kukoholea watu?"

"Mama, hatumsumbui, tunam..."

"Mnamnini?"

Njuguna akaingilia. "Mtu asiseme kitu! Akisema mtu, imekwisha!"

Kile kiti kikaacha kugonga. Ghafla. Mwanamke wa nne alikaa kimya kabisa, mikono imekunjwa chini ya shuka, na nawaambia, utulivu ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. Nimewahi kuona waya wa umeme umekatika, umelala chini kwenye majani, hauchezi wala hauvumi. Alikuwa ametulia vile.

Kisha Njuguna, kwa ubaya wake, akawaambia wainuke wazunguke, wakae upya kwenye viti vingine, "ndio mashine isizoee." Wakazungushwa. Sasa hata sisi hatukumjua nani ni nani.

Gervas alihesabu tena. Alihesabu mpaka kompyuta ikaanza kuvuma. Mwisho duara moja likabaki, kwa aliyekaa kiti cha pili, na namba pembeni yake.

"Huyu," akasema kwa sauti ndogo. "Bega la huyu ndilo limekaribia."

"Una hakika?" nikamwuliza. Zaidi ya hapo sikuruhusiwa.

"Mashine inasema asilimia sitini na moja."

"Basi mguse," Njuguna akasema. Aliipenda ile sitini na moja. "Ukimgusa umechagua."

Kijana akaiacha mashine kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akavuka ile nafasi ya katikati. Akanyoosha mkono kuelekea kiti cha pili.

Msonyo ukatoka.

Msonyo mrefu, wa meno na ulimi, wa kuchuna rangi ukutani. Ulitoka chini ya shuka, lakini gereji ile ilikuwa na mwangwi na hakuna aliyejua ni shuka ipi. Mkono wa Gervas ukabaki hewani. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Nadhani ndipo alipogundua kwamba chini ya zile shuka kulikuwa na watu.

Akageuka, akaenda ukutani, akachomoa waya. Kioo kikazima.

"Unafanya nini?" Njuguna akasema. "Chagua!"

"Sichagui, mzee."

"Basi umeshindwa!"

"Nimeshindwa." Kisha akawageukia wanawake. Hakuwa na maneno matamu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka na kuchukizwa, na yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kujichukiza. "Mimi sijui yupi ni yupi. Nimetazama lile dude saa nzima, sijakutazama wewe hata mara moja. Kama umenikasirikia, una haki. Mimi natoka. Aliyekasirika na ainuke, tuondoke."

Kiti kimoja cha plastiki kikalia.

Kisha wakainuka wote watano.

Nilicheka, sikuweza kujizuia, na Honorata akanipiga kwa mkoba. Lakini kwa nini wasiinuke? Walikuwa wamefungwa mito mabegani, chini ya sufi, Julai, gereji imefungwa, feni imezimwa, wanaume wawili wakibishana juu ya vichwa vyao kama vile wao ni masanduku. Kila mmoja alikuwa na sababu zake, na Serah alikuwa na za miaka mingi.

Mmoja akapapasa ukuta, akabonyeza swichi. Mlango mkubwa ukaanza kupanda ukilia, na mwanga wa nje ukaingia ukatuumiza macho.

"Keti chini!" Njuguna akasema. "Kila mtu aketi! Serah! Waambie!"

Hakuna shuka iliyojibu kwa jina la Serah.

Wakatoka kwa mstari mmoja, nyekundu tupu, mabega kama ya kabati, wakiteremka njia ya gari. Mzungu wa ng'ambo ya barabara aliyekuwa anamwagilia nyasi aliwatazama mpaka akamwagilia barua zake ndani ya sanduku. Gervas alikuwa nyuma yao, hana la kufanya, anamfuata nani hajui. Njuguna alikuwa nyuma ya Gervas na kofia yake ya sufi, akisema habari za polisi, habari za kanisa, habari za wazazi wake waliokufa.

Corolla ilikuwa imeegeshwa ukingoni mwa barabara. Mlango wake wa abiria ulikuwa na ugonjwa: Honorata mwenyewe ilibidi aingie kwa upande wa dereva, avuke gia, na alishatusimulia habari hiyo kwa uchungu. Shuka moja ikatoka kwenye mstari. Ikaenda mpaka kwenye ule mlango. Ikashika kishikio, ikakivuta juu, ikapiga nyonga moja chini ya kitasa, pale pale, kama mtu anayewasha taa ya chumbani kwake gizani. Mlango ukafunguka.

Gervas alisimama katikati ya barabara. Niliona mabega yake yakishuka.

Shuka ikaingia, na mito yake, ikajibana. Hakuivua. Kutoka ndani tukasikia:

"Drive. Na usiniongeleshe mpaka nikuambie."

"Audrey, mimi..."

"Nimesemaje?"

Gervas akaingia, akawasha gari. Wakapinda kona wakapotea, kompyuta yake yote ikiwa imebaki juu ya friza yetu, na shangazi yake akiwa amebaki kwenye mikono yangu, akiniuliza kama ninaendesha gari au nalo nimestaafu.

Njuguna alikuwa amechelewa. Alikuwa amerudi gereji kutafuta funguo za gari, na alipotoka hakuona nani ameingia, aliona tu Corolla inakwenda na watu wawili. Akanishika mkono.

"Ni nani ameenda? Gitau! Ni nani?"

"Sijui," nikasema. "Mimi niliona shuka."

"Ni Audrey?"

"Nahisi kama nilisikia sauti ya mtu mzima zaidi."

Alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake. Akawageukia waliobaki. Wale wanne walikuwa wameshakaa kwenye kivuli cha mti wa jirani, wamejipanga juu ya nyasi, hakuna aliyefunua hata pua.

"Serah," akasema.

Shuka moja ikajiweka vizuri juu ya nyasi.

"Audrey. Kama uko hapo, ongea. Mchezo umeisha."

Shuka moja ikasema, kwa sauti iliyozibwa na sufi, ya mtu yeyote, "Chagua."

"Wacheni ujinga! Mimi ndiye mwenye nyumba!"

"Chagua," ikasema nyingine.

Watu wa pande zote mbili walikuwa wameshatoka gereji. Kwa mara ya kwanza siku ile walisimama wamechanganyika, kwa sababu kila mtu alitaka kuona vizuri. Njuguna alivua kofia, akajifuta utosi, akaanza kupita mbele yao polepole. Aliinama mbele ya wa kwanza. Akamzunguka wa pili, akarudi kwa wa kwanza. Aliangalia mabega, na mabega yote aliyafunga yeye mwenyewe. Aliangalia miguu, na miguu yote ilikuwa imefunikwa kama alivyoagiza. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyetikisa hata kidole.

Mwisho akamshika wa tatu mkono, kwa upole ambao sikujua anao, akasema kwa Kikikuyu jina la utani la mkewe, lile la ujanani, ambalo silirudii hapa.

Shuka ikafunuliwa. Alikuwa Chelagat, amelowa jasho.

"Baba Audrey," Chelagat akasema, "toa mkono."

Na kutoka mwisho wa mstari, bila haraka, sauti ya Serah ikaja: "Endelea kutafuta."